Rejista ya mlangoni itupwe

Leo nina ugomvi. Si na Microsoft wala na kampuni za simu, ambazo mmenizoea nikizilalamikia. Ugomvi wangu wa leo ni na daftari. Lile daftari gumu linalowekwa mezani mlangoni, kalamu imefungwa kwa uzi, safu zimepigwa kwa rula: jina, nambari ya kitambulisho, simu, umri, jinsia, sahihi. Mimi ni mtunga programu, hifadhidata ndiyo ugali wangu, na nawaambia kwamba sijawahi kuona hifadhidata mbaya kuliko hiyo.

Kwa muda sasa nimekuwa nikijitolea kutunza kompyuta katika chumba kimoja kati ya Ruiru na Thika. Chumba hicho ni cha vijana mashoga, wasagaji na waliobadili jinsia, wengi wao wanafunzi wa vyuo vilivyojipanga kando ya barabara kuu ya Thika. Hamtanisikia nikitaja ploti, wala orofa, wala stendi ya kushukia. Wanaopaswa kupajua wanapajua.

Chumba kina mashine sita za mtumba. Mfadhili mmoja, ambaye pia simtaji, alitaka kutuongezea kumi mpya. Sharti lake lilikuwa moja: kila anayeingia aandike jina na nambari ya kitambulisho, na kila mwisho wa mwezi kurasa zipigwe picha na kutumwa ofisini kwake. Tulikataa. Mashine bado ni sita, na foleni ya jioni bado ni ndefu. Kuna marafiki zangu wa teknolojia walioniambia kwamba tumefanya ujinga, kwamba tumewanyima vijana kompyuta kwa sababu ya safu mbili za daftari. Makala haya ni jibu langu kwao, na kwa mfadhili huyo, na kwa wafadhili wengine wote wa aina yake.

Hoja yangu ni hii. Kwa watu hawa, chumba cha kompyuta kinachoandika majina mlangoni ni kibaya kuliko kutokuwa na chumba. Asiye na chumba amekosa kompyuta. Aliyeandikwa jina amepata kompyuta kwa saa moja, na jina lake limebaki mikononi mwa watu asiowajua kwa miaka yote itakayofuata.

Nianze na swali ambalo huulizwa kila mara: kompyuta za nini, na kila mtu ana simu?

Anayeuliza hivyo hajajaribu kuandika wasifu wa kazi wa kurasa mbili kwenye simu iliyopasuka kioo. Hajajaribu kupanga jedwali la utafiti wa mwaka wa nne, au kufanya kazi ya kunakili sauti kwa maandishi, kazi inayowalipia wanafunzi wengi wa Juja kodi ya nyumba. Pia hajajiuliza simu ni ya nani. Laini imesajiliwa kwa kitambulisho. Simu yenyewe mara nyingi ni ya mkopo wa kulipa mdogo mdogo, na ukikosa kulipa inafungwa. Nyumbani mama anaijua namba ya kuifungua, na ndugu mdogo anaichezea michezo. Kijana aliyefukuzwa nyumbani kwa sababu ya anayempenda mara nyingi ametoka na nguo alizovaa, na hata simu imebaki kule.

Basi aende saiba? Saiba zipo tele, kuanzia Githurai hadi Makongeni, na nyingi zinaendeshwa na watu wema. Lakini mnajua zinavyofanya kazi. Kioo kinatazama mlango ili mwenye saiba aone kila anachofanya mteja. Kivinjari kinakumbuka kila kitu. Fungueni mashine yoyote ya saiba, mtazame kwenye kabrasha la vitu vilivyopakuliwa: vitambulisho vya watu, barua za kuitwa chuoni, vyeti vya kuzaliwa, fomu za HELB. Mteja akishindwa na eCitizen, mhudumu humwambia, "Nipe neno la siri nikufanyie," naye hupewa. Kwa wengi wetu huo ni uzembe wa kawaida. Kwa msichana aliyekwenda kusoma barua pepe kutoka kwa mpenzi wake wa kike, ni jambo la kufukuzwa katika nyumba ya kupanga.

Kwa hiyo chumba maalumu kinahitajika, na wazo hilo si geni. Huko Marekani, David Bohnett, aliyeanzisha GeoCities mwaka 1994, alianza mwaka 1998 kufadhili vyumba vya kompyuta katika vituo vya jamii hii, na baadaye vyuo vikuu kadhaa vikapata vyumba hivyo. Wakongwe wa wavuti mnaikumbuka GeoCities, ile ya kurasa zenye nyota zinazomeremeta. Mtu yule alielewa mapema kwamba kijana aliye peke yake mjini kwao huwapata wenzake kwanza kupitia waya. Sina tatizo na wafadhili. Tatizo langu ni kuchukua fomu za mkutano wa wakulima wa kahawa na kuzileta mlangoni pa watu ambao sheria ya nchi ina vifungu juu yao.

Tuviangalie vifungu hivyo, maana kuna watu wanaovizungumzia bila kuvisoma. Kifungu cha 162 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kinatoa kifungo cha hadi miaka 14 kwa kile kinachoitwa tendo la kinyume cha maumbile. Cha 163 ni jaribio la tendo hilo, miaka 7. Cha 165 kinahusu wanaume, miaka 5. Tarehe 24 Mei 2019 Mahakama Kuu jijini Nairobi ilikataa kuviondoa. Lakini hakuna kifungu hata kimoja kati ya hivyo kinachomkataza mtu kukaa kwenye kiti na kuandika barua ya kuomba kazi. Na tarehe 24 Februari 2023 Mahakama ya Juu iliamua, majaji watatu kwa wawili, kwamba shirika la NGLHRC lina haki ya kusajiliwa kama mashirika mengine, baada ya kesi iliyochukua takriban miaka kumi. Kukutana si kosa. Kuwa na chumba si kosa.

"Sasa," marafiki zangu wananiuliza, "kama si kosa, unaogopa nini daftari?"

Naogopa kwa sababu daftari halisomwi na majaji. Linasomwa na mwenye nyumba, na kijana wa ofisi aliyeachishwa kazi kwa hasira, na askari aliyekuja kutafuta kitu kingine, na tapeli anayejua kwamba jina, nambari ya simu na kichwa cha mradi vikiwa kwenye ukurasa mmoja ni pesa. Ujumbe mmoja tu unatosha: tuma elfu tano ama mzee wako atajua. Nani ataenda kituo cha polisi kuripoti? Akienda, ataanza kwa kueleza jina lake lilifikaje kwenye daftari hilo.

Tena daftari lenyewe linavuja kabla hata halijaibwa. Mtu wa kumi na tano kuingia anapoandika jina lake, anasoma majina kumi na manne yaliyo juu yake. Nimefanya kazi na mabenki, na hakuna benki ambayo ingemwonyesha mteja wa kumi na tano akaunti za wale kumi na wanne waliomtangulia. Huku kwetu tunaita jambo hilo uwajibikaji.

Msiseme natunga hofu. Mambo haya yana historia, na si ya mbali.

Februari 2010, huko Mtwapa, Pwani, uvumi ulienea kwamba kuna harusi ya wanaume. Umati ulikivamia kituo cha afya cha KEMRI, mahali ambapo watu walikuwa wakipata huduma za Ukimwi. Zingatieni walichokivamia. Haikuwa baa wala danguro, ilikuwa huduma. Mahali pa huduma ndipo panapojulikana, na ndipo penye majina.

Oktoba 2010 gazeti moja la Kampala lililojiita Rolling Stone lilichapisha majina na picha za watu liliowaita mashoga, likataka wanyongwe. David Kato alikuwa mmoja wa waliochapishwa. Aliuawa nyumbani kwake tarehe 26 Januari 2011. Februari 2014, siku moja baada ya Rais Museveni kutia saini sheria yake ya kwanza, gazeti la Red Pepper likatoa orodha nyingine. Sheria hiyo ilifutwa na mahakama Agosti mwaka huohuo. Mei 2023 ikaja nyingine, kali zaidi, yenye adhabu ya kifo kwa baadhi ya makosa na wajibu wa kuripoti watu. Wajibu huo mahakama iliutupa Aprili 2024, lakini sehemu kubwa ya sheria ikabaki.

Dar es Salaam, Oktoba 2018, mkuu wa mkoa Paul Makonda aliwaomba wananchi wamletee majina. Hakuomba ushahidi, aliomba majina. Serikali ya Tanzania ilisema ule ulikuwa msimamo wake binafsi, lakini watu walikuwa wameshahama makwao.

Somo la mtunga programu katika habari hizi ni rahisi: data huishi kuliko sheria iliyokuwepo ilipokusanywa. Mganda aliyeandika jina lake kwenye daftari Septemba 2014, baada ya sheria kufutwa, aliliandika mwaka wa nafuu. Daftari lilikuwa bado kabatini mwaka 2023. Hapa kwetu mbunge Peter Kaluma alileta mwaka 2023 mswada wake wa kulinda familia, wenye adhabu nzito kuliko hizi tulizo nazo. Sitabiri utakwenda wapi. Nasema tu kwamba anayekusanya majina leo anaweka dau juu ya bunge la kesho, na dau hilo si lake. Ni la mwanafunzi wa mwaka wa pili aliyekuja kuchapisha kazi ya darasani.

Na jambo hili limeshajadiliwa hapa Kenya, wala hatuhitaji kuanza upya. Februari 2015 Rais Uhuru Kenyatta aliagiza zikusanywe takwimu za wanafunzi wanaoishi na virusi vya Ukimwi, pamoja na majina yao. Shirika la KELIN na wenzake walikwenda mahakamani, na Desemba 2016 Jaji Isaac Lenaola akaamua kwamba agizo lile lilivunja Katiba. Katika miaka hiyohiyo kulikuwa na mpango wa kuchukua alama za vidole katika utafiti wa Ukimwi uliowahusu wanaume wanaolala na wanaume, wanaouza ngono na wanaojidunga dawa. Wahusika wenyewe walikaa wakajadili, wakakataa, na KELIN iliandika habari hiyo katika ripoti ya mwaka 2018. Hawakukataa utafiti wala dawa. Walikataa kutambulishwa. Waliona kile ambacho mainjinia wengi hawakukiona.

Halafu tuna Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019. Isomeni. Inaorodhesha data nyeti, na humo ndani, kwa maneno yasiyo na mafumbo, umo mwelekeo wa kijinsia. Inasema pia kwamba data inayokusanywa iwe ile tu inayohitajika kwa kusudi lililotajwa. Sasa niambieni, kompyuta inahitaji nambari ya kitambulisho ya mtu ili iwake? Mtu hahitaji kutangaza lolote: jina lake likiwa tu chini ya kichwa chenye jina la mradi huo, tayari ameshaandikwa anampenda nani.

Mnakumbuka Worldcoin? Katikati ya mwaka 2023 Wakenya walipanga foleni KICC kuchanganuliwa macho kwa sarafu za thamani ya takriban shilingi 7,000. Wanateknolojia wote wa Nairobi tulipiga kelele. Serikali ikasimamisha shughuli hiyo Agosti, na Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru data ifutwe. Safi sana. Lakini baadhi ya waliopiga kelele wakati ule ndio wanaoniambia leo kwamba rejista ni jambo dogo. Kumchukua mtu jicho kwa shilingi elfu saba ni unyonyaji, ila kumchukua jina na siri yake kwa saa moja ya intaneti ni taratibu za ofisi?

Sasa nije kwa wenzangu wa fani, maana jibu lao nalijua: "Tupa daftari, tutengeneze mfumo. Tutasimba data kwa njia fiche. Kila mtu atakuwa na neno lake la siri."

Mimi hupenda mifumo kama ninyi. Lakini fuateni safari ya data hiyo hadi mwisho. Anayeiingiza ni mfanyakazi wa kujitolea. Mwisho wa mwezi anaambiwa atume ripoti, kwa hiyo anaitoa iwe Excel. Faili anaituma kwa barua pepe, haifunguki, anaituma tena kwa WhatsApp. Ofisini inapokelewa kwenye simu ya mtu, na simu inaihifadhi yenyewe huko mawinguni. Mwezi ujao kuna "ripoti_mwisho2" kwenye kompyuta tatu na flashi moja ambayo haijulikani iko wapi. Usimbaji wenu umelinda kisanduku kimoja kati ya saba. Na anayeshika ufunguo ni binadamu, hana usimbaji: akiulizwa kwa ukali kituoni saa nane usiku, ataufungua.

Wengine wanasema, basi tutumie msimbo badala ya jina. Herufi mbili za jina la kwanza, mbili za ukoo, na tarehe ya kuzaliwa. Jamani! Hilo ni jina lililovaa miwani. Nipeni msimbo huo na orodha ya darasa, nitawarudishia jina kabla chai haijapoa. Hata bila msimbo, andika tu "miaka 22, Ruiru, mwaka wa tatu, bayoteknolojia, mwanamke", kisha uliza wangapi wanaingia hapo. Pengine watatu, na wawili kati yao wana wachumba kanisani.

Data isiyokusanywa haiibwi, haivuji, haiitishwi kwa amri ya mahakama, wala haihitaji ufunguo. Katika kazi yetu hakuna ulinzi mwingine ulio bure namna hiyo.

"Lakini sisi tunatoa pesa," atasema mfadhili, "tutajuaje kwamba chumba kinatumika? Tutajuaje hamkuuza mashine Gikomba?"

Swali hilo ni halali na nitalijibu kwa heshima. Pesa za watu zimeliwa sana nchini humu, tena na mashirika yenye rejista nzuri mno, zilizojazwa na mtu mmoja kwa kalamu tano za rangi tofauti. Kila aliyewahi kuandaa semina anajua rejista inavyopikwa. Kwa hiyo ondoeni kwanza dhana kwamba majina ni ushahidi.

Sisi tunahesabu hivi.

Kwanza, mashine. Kila mashine ina nambari yake ya kiwandani. Mkaguzi aje wakati chumba kimefungwa, azihesabu, alinganishe na risiti. Aone pia risiti za stima, kodi na intaneti. Mashine hazina mama wa kuambiwa.

Pili, vipindi. Nimeandika programu ndogo, haifiki mistari mia, inayoongeza moja kila mtu anapoanza kipindi na kuandika kilidumu dakika ngapi. Haijui ni nani. Mwisho wa siku inatoa namba mbili: vipindi na saa. Rekodi ya kila kipindi inafutwa, jumla inabaki.

Tatu, watu. Wafadhili wanataka kujua ni watu wangapi tofauti, wala si mtu mmoja aliyekuja mara thelathini. Nilifikiria sana jambo hili, na jibu halikuwa la kompyuta. Mlangoni kuna bakuli la maharagwe meupe na mekundu, na mkebe wenye tundu. Ikiwa ni mara yako ya kwanza mwezi huu, tumbukiza jeupe. Ikiwa umeshakuja, tumbukiza jekundu. Mwisho wa mwezi maharagwe meupe ndiyo idadi ya watu, na yote kwa jumla ndiyo idadi ya safari. Je, mtu anaweza kudanganya? Anaweza, lakini hana faida nayo. Na jumla ya maharagwe ikipishana sana na vipindi vilivyohesabiwa na programu, tunajua kuna tatizo.

Nne, kazi. Kuna mikebe mingine minne ya kutokea: masomo, kutafuta kazi, huduma za serikali, na mengineyo. Hatuulizi hayo mengineyo ni nini.

Ripoti hiyo inaingia kwenye ukurasa mmoja. Ikianguka barabarani Thika, aliyeiokota atajua kwamba mahali fulani kuna watu walioandika barua za kazi. Hatajua zaidi ya hapo.

Kwa wale wanaotaka upande wa mitambo, haya ndiyo mambo ambayo chumba cha namna hii hakiwezi kuyaacha:

1. Mashine zote zinatumia Debian, na nyumba ya mtumiaji iko kwenye RAM. Kipindi kikiisha, kila kitu kinafutika. Zima na swapu pia, vinginevyo RAM inamwagikia diski bila wewe kujua. Anayetaka zaidi aanze mashine kwa flashi ya Tails, iliyotengenezwa kwa kazi hiyo tangu 2009.

2. Diski zimesimbwa kwa njia fiche. Mwizi akizibeba, amebeba chuma.

3. Printa ndiyo msaliti mkubwa, na hakuna anayeifikiria. CUPS kwa kawaida huweka historia ya kazi zilizochapishwa, na faili zenyewe hukaa kwa siku nzima. Nenda kwenye mipangilio uzime kuhifadhi faili na kuhifadhi historia. Mashine kubwa za fotokopi za ofisini nyingi zina diski ndani yake, msizitumie.

4. Ruta ina orodha ya vifaa vilivyoungana nayo, na baadhi ya simu hujitambulisha kwa jina la mwenyewe. Kwetu hakuna Wi-Fi ya simu. Kumbukumbu za ruta zimezimwa.

5. HTTPS inaficha unachosoma, lakini jina la tovuti bado huonekana na anayekuuzia intaneti. Waambieni watumiaji ukweli huo, msiwaahidi wasichonacho. Anayetaka kuficha hilo pia atumie kivinjari cha Tor, na akubali kwamba kitakuwa polepole.

6. Vioo vinatazama ukuta, na viti havina mtu nyuma. Hakuna kamera, hata ile ya kuzuia wezi. Mlango wa chuma na kufuli nzuri vinatosha.

7. Karatasi ukutani inaeleza yote hayo kwa Kiswahili cha kawaida, ili mtu ajue kilichofanywa na kisichofanywa.

Kuna pingamizi moja limebaki. Je, mhalifu akija akatumia mashine kutapeli watu, au kuangalia mambo ya watoto? Tutampataje bila jina?

Tutamwona, kwa sababu msimamizi yumo chumbani, ana macho, na wanaokuja wanafahamiana. Akifanya upuuzi anatolewa. Lakini niulize: unapopanda matatu pale Ruiru kwenda Thika, kondakta anaandika kitambulisho chako? Majambazi hupanda matatu pia. Unapoingia kanisani au msikitini, unaandikishwa? Tumekubali kama jamii kwamba mtu anaweza kusafiri, kuomba na kununua nyanya bila kuacha jina lake. Ni ajabu kwamba ulinzi huo tunauondoa kwa wale wanaouhitaji zaidi, tena tukisema ni kwa ajili ya usalama wao.

Kuna pia watakaoniandikia kwamba vijana hao hawastahili kusaidiwa kabisa. Sina maneno mengi kwao. eCitizen haiulizi unampenda nani kabla ya kukupa cheti, na iTax haikusamehi kodi kwa sababu hiyo. Serikali iliyohamishia huduma zake nyingi kwenye wavuti imewalazimisha wananchi wote kutumia kompyuta. Wote ni wote.

Kwa hiyo, mfadhili wetu mpendwa, kama unasoma hapa: zile mashine kumi bado tunazihitaji. Jioni ya wiki ya mitihani watu wanakaa sakafuni wakingoja zamu. Lete mkaguzi ahesabu vyuma, lete mhasibu asome risiti, mimi mwenyewe nitawaeleza programu mstari kwa mstari. Maharagwe tutayahesabu mbele yenu. Majina hamtapata, kwa sababu hata sisi hatunayo.

Na kwa wenzangu wa fani mlioko kati ya Kahawa na Thika: kama ofisini kwenu kuna mashine inayotupwa yenye RAM ya kutosha, msiitupe. Wapo wanaoihitaji, na wapo wanaojitolea kwenye vyumba vingine ambavyo bado vina daftari mezani. Nendeni mkawaonyeshe namna ya kuliondoa. Wiki ijayo nitaweka hapa ile programu ya kuhesabu vipindi, iwe huria, kila mtu aichukue na kuibadilisha apendavyo. Sharti langu ni moja tu: msiiongezee safu ya jina.